KODI YA VYUMBA SI MSHAHARA
Somo la deni na rehani kwa wenye nyumba za kupangisha

Bismillahi Rahmani Rahim

(Karatasi hii isomwe nyumbani baada ya swala. Tafadhali usiisome wakati imamu anahutubu, wala usiitupe ovyo, kwani ina majina matukufu.)

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Somo letu la Ijumaa hii limetokana na swali tuliloletewa na kijana wetu mmoja baada ya swala. Tumeona tulijibu kwa maandishi, maana jambo lenyewe linazigusa nyumba nyingi hapa Baraka na kule Fizi. Tumeficha jina lake, na yeye mwenyewe ametupa ruhusa.

SWALI

"Baba yetu alifariki akatuachia parseli moja yenye vyumba 5 vya kupangisha, na sisi wenyewe tunalala katika nyumba ya nyuma. Kila chumba ni dola 20 kwa mwezi, na hayo ndiyo maisha yetu. Tuko mama, mimi, mdogo wangu wa kiume na wadogo zangu wawili wa kike. Wadogo wote hawajabaleghe. Mimi sina kazi ya mshahara. Nimepata mtu wa kunikopesha dola 1,000 ninunue kiwanja kingine nianze kujenga. Anataka riba ya 3 kwa mia kila mwezi kwa miezi 12, na anataka nimkabidhi karatasi za parseli ya baba ziwe rehani. Nimemwambia kodi ya vyumba ndiyo itakayomlipa. Je, inafaa?"

Ndugu yetu, Mwenyezi Mungu akulipe kheri kwa kuuliza kabla ya kutia sahihi. Wengi huuliza baada ya kutia sahihi, na hapo shehe hana la kufanya ila kukuombea dua. Tutakujibu hatua kwa hatua.

1. KODI NI HALALI, LAKINI INATEGEMEA MWINGINE

Kupangisha nyumba ni ijara, nayo ni halali kwa makubaliano ya wanachuoni, mradi nyumba ijulikane, muda ujulikane na malipo yajulikane. Anayeishi kwa kodi ya vyumba anakula chumo safi, asione haya.

Lakini kodi si mshahara. Inatoka katika mfuko wa mpangaji, na mfuko wa mpangaji unategemea mambo ambayo wewe mwenye nyumba huyaoni. Sisi watu wa Fizi tunalijua hilo kuliko wengi. Vita vya 1996 vilipotufukuza, tulivuka Ziwa Tanganyika tukaenda Kigoma, kambi za Nyarugusu na Lugufu. Tulipoanza kurudi kwa meli mwaka 2005, wengi tulikuta kuta tu, au majani mahali palipokuwa na nyumba. Mashirika yakaja, wafanyakazi wao wakatafuta pa kukaa, na mwenye nyumba nzuri Baraka akapata mpangaji wa dola. Mwaka 2015 ikafunguliwa kambi ya Lusenda kwa ndugu zetu wa Burundi, wapangaji wakaongezeka tena.

Kisha tukaona upande wa pili. MONUSCO iliondoka Kivu ya Kusini mwaka 2024. Mwaka 2025 msaada wa Marekani ukasimamishwa na miradi mingi ikafungwa. Mwaka huohuo vita vikafika Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, mabenki ya huko yakafunga milango. Na ziwa nalo lilipopanda, hasa 2021 na 2024, nyumba za kando ya maji ziliingiliwa. Mpangaji aliyeondoka hakuwa na kosa, na mwenye nyumba hakuwa na kosa. Lakini aliyekuwa na deni lenye tarehe, tarehe haikumngoja.

2. REHANI INARUHUSIWA, NA INA MIPAKA

Rehani imetajwa katika Qur'ani Tukufu, Suratul Baqara aya ya 283, mara baada ya aya ndefu kuliko zote, ya 282, inayotuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Naye Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliweka rehani. Imepokewa na Imamu Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba alipofariki, deraya yake ilikuwa rehani kwa Myahudi mmoja kwa pishi 30 za shayiri. Kwa hiyo kuweka rehani si aibu wala si dhambi. Lakini tazama vizuri: aliweka chombo chake mwenyewe, kwa chakula cha nyumba yake, na deni halikuwa na nyongeza.

Mipaka yake ni hii:

(a) Rehani hubaki mali ya mwenyewe. Mkopeshaji anaishika kama dhamana tu. Zao lake, na kodi ya vyumba ni zao, ni la mwenye nyumba.

(b) Mkopeshaji haruhusiwi kunufaika na rehani kwa sababu ya mkopo wake. Kuna tabia kwetu: mtu anakopesha fedha, kisha analima shamba la mkopaji au anakaa katika nyumba yake bure mpaka deni lirudishwe. Wengi wanadhani hii si riba kwa kuwa hakuna asilimia iliyotajwa. Kanuni ya wanachuoni ni kwamba mkopo wowote uliowekewa sharti la manufaa kwa mkopeshaji ni riba. Mavuno ya shamba ni manufaa, na kukaa bure ni manufaa.

(c) Deni likichelewa, rehani haigeuki kuwa ya mkopeshaji yenyewe kwa yenyewe. Hiyo ilikuwa desturi ya zama za ujahilia, na Mtume (S.A.W.) aliikataza. Njia ni kuuza kwa bei ya haki, deni likatolewa, kilichobaki akarudishiwa mwenyewe. Basi jihadhari na anayekutaka utie sahihi karatasi ya mauzo ya parseli leo, eti "ni garanti tu". Siku ya kesi, karatasi ile itasoma umeuza.

3. RIBA NI RIBA, HATA IKIBADILISHWA JINA

Wengine wanaiita intere, wengine gharama ya faili. Ile ya mitaani inaitwa Banki Lamberti, ambapo mtu huchukua 100 akarudisha 150 mwisho wa mwezi. Suratul Baqara aya ya 275 hadi 279 imetenganisha biashara na riba, na onyo lake kwa asiyeacha ni zito mno. Dhambi yake haiko kwa anayepokea peke yake. Anayetoa, anayeandika na wanaoshuhudia wametajwa pamoja katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim.

Hapa tuguse kidogo habari ya ndugu zetu waliotoka Nyarugusu wakapelekwa Marekani, kwa kuwa hutuletea swali hilihili kwa simu. Huko benki hukopesha nyumba kwa miaka hata 30, na nyumba yenyewe ndiyo rehani. Mwaka 1999 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, katika kikao chake cha Dublin, liliwaruhusu Waislamu wa nchi za Magharibi kununua nyumba kwa mkopo wa namna hiyo kwa ajili ya haja, na wanachuoni wengine wengi wakalipinga. Lakini hata waliotoa ruhusa waliweka masharti: iwe nyumba ya kuishi yeye na jamaa zake, asiwe na nyumba nyingine, wala asiwe na mali ya kumwezesha kununua kwa njia nyingine. Kwa hiyo mwenye vyumba vya kupangisha anayetaka kuongeza vingine hayumo katika ruhusa hiyo. Asijifunike nayo.

4. KARATASI YA PARSELI

Kwa sheria ya ardhi ya nchi yetu ya mwaka 1973, pamoja na marekebisho yake, ardhi ni ya serikali, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Haki hiyo huthibitishwa na setifika ya usajili inayotolewa na konsevateri. Rehani ya nyumba inayotambuliwa na sheria huandikwa katika setifika hiyo. Karatasi ya mauzo iliyosainiwa mbele ya chifu, au fishi ya parseli, ina faida yake kama ushahidi, lakini haijawa setifika. Ndiyo maana mkopo unaoitwa "wa nyumba" kwetu mara nyingi ni mkopo mfupi wa miezi 6 au 12 na karatasi kuwekwa katika sanduku la mkopeshaji. Asiye na setifika anayeweka karatasi zake namna hiyo anaachia ushahidi wake wote, naye anabaki mikono mitupu.

Yafaa pia tujue kwamba Kodi ya Familia, yaani sheria ya familia ya mwaka 1987 iliyorekebishwa 2016, inataka ridhaa ya mume na mke wote wawili kabla ya kuhamisha au kuweka rehani parseli, hata kama imeandikwa jina la mmoja. Mume anayeweka nyumba rehani kwa siri, akamwacha mkewe aambiwe na mdai mlangoni, amevunja sheria na amevunja amana.

5. TUFANYE HESABU

Ndugu muulizaji, chukua kalamu. Vyumba 5 kwa dola 20 ni dola 100 kwa mwezi, kama vyote vimejaa na wote wamelipa.

Mkopeshaji mwenye uzoefu hahesabu hivyo. Anataka mikataba ya kupanga iliyoandikwa, daftari la risiti na miezi iliyopita jinsi ilivyolipwa. Kisha anapunguza. Huko Marekani kanuni inayotumiwa sana ni kuhesabu 75 kwa mia tu ya kodi, kwa kuwa nyumba hukaa tupu, bati huvuja, na choo hujaa. Kwa kanuni hiyo dola zako 100 ni 75. Na bado hujatoa takse ya mapato ya nyumba ambayo mkoa unaitoza.

Tena, garanti uliyopokea kwa wapangaji usiihesabu. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka mwisho wa garanti ya nyumba ya kuishi kuwa miezi 3. Garanti ni amana ya mpangaji, akitoka salama anarudishiwa. Anayeila garanti tayari ana deni, hata kama hajakopa popote.

Sasa deni lenyewe. Dola 1,000 kwa riba ya 3 kwa mia ni dola 30 kwa mwezi. Kwa miezi 12 ni 360. Jumla utarudisha 1,360, sawa na dola 113 kila mwezi. Vyumba vyote vikijaa vinaleta 100. Umeona? Hata mkila hewa, deni halilipiki.

Na tuseme riba imeondolewa, umepata mkopo mwema wa dola 1,000 kwa miezi 12. Ni dola 83 kwa mwezi, na kodi ya kutegemea ni 75. Bado halilipiki. Deni la halali nalo linaweza kumzamisha mtu.

6. KODI HIYO NI YA NANI?

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na wewe hukuliuliza. Umesema "parseli ya baba". Baba ameshafariki, kwa hiyo parseli ni ya warithi. Kama wazazi wake walimtangulia, na hakuacha deni wala wasia wala warithi wengine, mgawanyo kwa Suratun Nisaa aya ya 11 na 12 ni huu. Mama yenu ana thumni, yaani moja ya nane. Inayobaki ni ya watoto, mwanamume sehemu mbili na mwanamke sehemu moja. Tukiigawa parseli mafungu 48:

Mama: mafungu 6
Wewe: mafungu 14
Mdogo wako wa kiume: mafungu 14
Wadogo wawili wa kike: mafungu 7 kila mmoja

Katika dola 100 za kodi, zako ni dola 29. Zilizobaki, dola 71, ni za mama yako na mayatima watatu. Ulipomwambia mkopeshaji kwamba kodi itamlipa, uliahidi fedha ya mayatima kwa deni lako. Na ulipotaka kumkabidhi karatasi, ulitaka kuweka rehani mafungu 34 yasiyo yako. Aya ya 10 ya sura hiyohiyo imeeleza hali ya wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma, nasi hatuna haja ya kuongeza neno.

Hatusemi umekusudia ubaya. Ulitaka kuongeza vyumba ili wote wafaidike. Lakini anayesimamia mali ya yatima anaitumia kwa maslahi ya yatima, wala haiweki rehani kwa deni lake mwenyewe. Mipango ikiharibika, ni wao watakaolala nje.

7. KISA CHA ZUBAIR (R.A.)

Imamu Bukhari amepokea kisa cha Zubair bin Awwam (R.A.), mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo. Alikuwa na nyumba 11 Madina, 2 Basra, 1 Kufa na 1 Misri, pamoja na ardhi ya Ghaba. Watu walikuwa wakimletea mali awawekee amana, naye akikataa isipokuwa iwe deni juu yake, kwa kuogopa ikipotea wapate hasara. Siku ya vita vya Jamal alimwambia mwanawe Abdullah kwamba linalomhangaisha zaidi ni deni lake, akamuusia auze mali na kulilipa.

Zubair alipofariki, Abdullah alihesabu deni akalikuta 2,200,000 kwa fedha ya zama zile. Akauza ardhi ya Ghaba, akalipa. Ndugu zake wakamwambia, tugawie sasa urithi wetu. Akakataa. Kwa miaka 4 alitangaza katika msimu wa Hija kwamba mwenye kumdai Zubair na aje alipwe. Miaka 4 ilipopita bila mdai mwingine, ndipo akagawa.

Ndugu zangu, huyu alikuwa na nyumba 15, na bado deni ndilo lililomkosesha raha saa ya mwisho. Nyumba nyingi hazifuti deni. Kilichomwokoa ni kwamba deni lilijulikana, mali ilikuwa yake, na aliacha mtoto mwaminifu aliyetanguliza wadai kabla ya warithi.

8. NJIA ZILIZOPO

Wenzetu wa jirani wana mabenki yasiyo ya riba: Gulf African Bank ilianza Kenya mwaka 2008, na Amana Bank ilianza Tanzania mwaka 2011. Sisi Baraka hatuna benki ya namna hiyo, lakini mikataba yake haihitaji jengo la benki. Watu wawili waaminifu na daftari wanaweza kuifanya.

Kwanza, ushirika unaopungua. Wewe na mwenzio mnanunua kiwanja pamoja, tuseme wewe robo na yeye robo tatu. Mkijenga, kodi mnagawana kwa sehemu hizo. Kila ukipata akiba unanunua kipande cha sehemu yake, mpaka nyumba inakuwa yako yote. Chumba kikikaa tupu, hasara mnaibeba wote wawili kwa kadiri ya sehemu zenu. Hapo ndipo penye tofauti na riba, kwani mwenye riba hataki kujua kama mpangaji amehama. Mwenye ndugu ughaibuni amwombe ushirika wa namna hii badala ya kumwomba msaada kila mwezi.

Pili, kodi ya mbele. Mpangaji anayetaka anaweza kulipa miezi 6 au 12 kwa pamoja, ukajengea. Inajuzu. Lakini ujue miezi hiyo huna kodi ya kula, basi usiifanye kwa vyumba vyote kwa wakati mmoja.

Tatu, mfuko wa pamoja. Wengi wetu tumo katika likelemba au MUSO. Likelemba ya kupokezana bila nyongeza ni jambo jema. MUSO yenye kasha jekundu la kusaidiana ni jema pia. Lile kasha la kijani likikopesha kwa nyongeza limeingia katika riba, na wanachama Waislamu wakae wazungumze walibadilishe liwe la mkopo mwema.

Nne, kujenga kidogo kidogo. Mwaka huu matofali, mwaka ujao msingi. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na sisi tunaoishi katika mji wenye jina hilo tusiwe wa kwanza kulisahau.

JIBU KWA UFUPI

Mkopo huo haufai kwa sababu tatu: una riba, rehani yake si mali yako peke yako, na hesabu yake haitimii. Mrudie mkopeshaji kwa adabu umwambie umeghairi. Kisha ukae na mama yako, pamoja na wazee wawili na mmoja anayejua mirathi. Andikeni mafungu ya kila mtu. Shughulikieni parseli itoke katika jina la marehemu iingie katika majina ya warithi. Fungua daftari la kodi, kila mwezi uandike kilichoingia na kilichotoka, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Fungu lako la dola 29 ni lako. Weka akiba kutoka humo, tafuta na kazi ya mikono, na wadogo zako wakibaleghe watakuta haki yao imeandikwa.

Na kwa wenye kudai: tukumbuke aya ya 280 ya Suratul Baqara inayotutaka tumpe muda mdaiwa aliyebanwa, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Mpangaji wako aliyekosa kazi ni mdaiwa pia.

MASWALI YA KUJIPIMA NYUMBANI

1. Nyumba ninayotaka kuiweka rehani ni yangu yote? Nani mwingine ana fungu ndani yake, na ameridhia?
2. Vyumba viwili vikikaa tupu miezi mitatu, deni nitalilipa kwa nini?
3. Garanti za wapangaji wangu ziko wapi leo?
4. Nikifa usiku huu, madeni yangu yameandikwa? Mke wangu na wanangu wanayajua?

Swali la nne tusilipuuze. Aliletwa maiti ili Mtume (S.A.W.) amswalie, akauliza kama ana deni. Akaambiwa ana dinari 3 na hakuacha kitu. Akawaambia Masahaba wamswalie wao. Hakumswalia mpaka Abu Qatada (R.A.) aliposema deni lile liwe juu yake. Dinari 3 tu, ndugu zangu.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako, tuepushe na haramu yako. Tuondolee madeni yanayotulemea, uzihifadhi nyumba zetu na miji yetu kwa amani, na uwahifadhi mayatima walio mikononi mwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.